Mioto Mitatu ya Jiko la Mama

Mimi ndiye mtu wa kwanza kutoka upande wetu wa Didia kurudi kutoka ng'ambo na stashahada ya uyeyushaji wa vyuma. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala padri aliyeniandikia barua ya kunisifia. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Nilisoma kwa pamba ya mama, nikafaulu kwa kichwa changu, na nilipopelekwa nchi ya baridi kwa miaka minne nilimaliza wa pili katika darasa lenye vijana wa mataifa saba. Cheti kimetundikwa sebuleni kwangu hadi leo. Nayataja haya mwanzoni kwa sababu mtu asiyejua chuma akivunja jiko, watu humhurumia. Mimi chuma nilikuwa nakijua.

Nilirudi miaka ya sabini, watu wa kwetu wakiwa wameshahamishiwa kwenye kijiji kipya chenye nyumba zilizopangwa kwa mistari. Mama alikuwa amepewa kiwanja karibu na barabara. Wenzake walipakia milango na mabati kwenye lori la kuwahamisha. Yeye alipakia mafiga yake matatu. Dereva alimcheka, akamwambia mawe yako kila mahali. Mama akamjibu kwamba mawe ndiyo, mafiga hapana. Alikabidhiwa yale na bibi yangu mzaa baba, siku alipoacha kupika kwenye jiko la mkwe na kupewa jiko lake mwenyewe. Kwetu mafiga ya mwanamke mwanaume hayagusi. Yakionekana yametupwa nje, mpita njia huuliza kama mwenyewe amefukuzwa au amekufa.

Nilipofika likizo ya kwanza nilimkuta amechuchumaa mbele ya mafiga hayo, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia msibani. Kuni nzuri zilikuwa zimeadimika kwetu tangu zamani, miti ilikuwa imefyekwa ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba, kwa hiyo wanawake walipikia mabua, miti ya pamba, hata mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moshi wake ni mzito, na jikoni kwa mama palikuwa na tundu moja la kupitishia kuku. Nilimpeleka zahanati. Mganga akamfunua kope, akaniambia mimi, siyo yeye: "Mzee huyu akiendelea kukaa kwenye moshi, macho hayatafika mbali."

"Nitakutengenezea jiko lisilo na moshi, mayu," nikamwambia mama tukiwa njiani kurudi.

"Moto usio na moshi?" akauliza.

"Moshi utakuwepo. Utapanda juu ya paa, wewe hutauona."

Akacheka, akanishika mkono, tukatembea hivyo hadi nyumbani kama wakati naenda darasa la kwanza.

Nilikuwa nimepangiwa kazi katika karakana moja Geita. Mgodi mkubwa wa zamani ulikuwa umeshafungwa, ukaacha vyuma vimelala porini: magurudumu ya vitoroli, vipande vya vinu vya kusagia mawe, vipande vya reli. Nilipata ruhusa ya kuokota. Nilichonga kalibu kwa mbao, nikaifinyangia mchanga, na kwa jioni kadhaa baada ya kazi nikayeyusha na kumimina bamba moja baada ya jingine. Wachimbaji wadogo waliokuwa wakipita na makarai yao walisimama kunitania.

"Fundi, hiyo dhahabu unayeyusha ya nani?"

"Hii inashinda dhahabu," niliwajibu. "Dhahabu haiivishi ugali."

Lilikuwa jiko zuri. Lilikuwa na kilango cha kuni, droo ya majivu, kidirisha cha kupitishia hewa, na bamba la juu lenye matundu mawili yenye vifuniko. Kwenye kilango nilimimina ua la pamba, kwa heshima ya aliyenisomesha. Mpaka leo sijaona fundi wa Kanda ya Ziwa aliyemimina ua safi kama lile.

Kuliko uzuri wake, nilijua jinsi ya kuliwasha. Kule ng'ambo nilipanga chumba kwa bibi kizee mmoja aliyenunua jiko jipya la chuma majira ya baridi. Nyumba ilikuwa kama barafu, lakini siku ya kwanza aliwasha vijiti vichache tu, akauacha moto ufe. Siku ya pili akawasha mkubwa kidogo. Tulitetemeka siku tatu tukisubiri chuma chake kizoee. Darasani walitueleza kwa nini. Chuma kilichomiminwa kinapopoa hubaki na mikazo ndani yake, na udongo wa kuzibia maungio bado una maji. Ukikishtua kwa moto mkali, upande mmoja hutanuka kabla ya mwingine, na chuma cha aina hiyo hakipindi. Hupasuka.

Nikamfundisha mama kabla hata jiko halijafika. Moto wa kwanza ni wa kupasha kiganja. Wa pili ni wa kuchemsha uji. Wa tatu ni wa kusonga ugali. Kati ya moto na moto, chuma kilale, kipoe chenyewe, kisimwagiwe maji. Mama hakujua kusoma, lakini alirudia maneno yale kama anasali: kiganja, uji, ugali. Nilimweleza na mengine. Usifunge bomba makaa yakiwa bado mekundu, hewa yake inaua watu waliolala. Fungua hewa kwanza ndipo ufungue kilango, la sivyo ndimi zitakurukia usoni. Ndoo ya mchanga isiondoke pembeni ya jiko. Majivu ya moto usiyatupe kwenye mabua. Yeye kwa upande wake akaanza kwenda ng'itili, yale malisho yanayofungiwa kwa ajili ya kiangazi, akaomba kwa wenyewe matawi makavu ya mgunga. Kila siku tawi moja au mawili. Akayapanga kwenye uvungu wa ghala, akawakataza watu wasiyaguse: "Hizo ni kuni za jiko la mwanangu."

Nilisafirisha jiko kwa lori la mizigo kupitia Ushirombo na Kahama. Isaka tukasimama, nikanunua bomba la bati kwa fundi aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni, halafu Didia nikalishusha na kulipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Ilikuwa Alhamisi. Watu walitoka kwenye nyumba zao zilizopangwa kwa mistari wakausindikiza mkokoteni kama harusi. Nilitembea mbele, na viatu vyangu vya ng'ambo, na sikuona sababu ya kutembea haraka.

Ijumaa nililisimika. Jikoni palikuwa padogo, kwa hiyo niliyang'oa mafiga kwa jembe, nikayaviringisha hadi nyuma ya zizi. Mama alikuwa kisimani. Aliporudi alisimama mlangoni na ndoo kichwani, akaangalia mahali yalipokuwa.

"Yako nyuma ya zizi," nikamwambia. "Huna kazi nayo tena."

Alitua ndoo polepole kuliko kawaida.

Bomba nililipitisha kwenye paa la nyasi kwa uangalifu, na hapo sina la kujilaumu. Nilikata nyasi, nikaacha nafasi ya shibiri mbili pande zote, nikaizungushia bati na kuikandika udongo. Ndoo ya mchanga nikaiweka pembeni. Jioni ile tukawasha moto wa kwanza, vijiti vitano vya mgunga. Mama aliweka kiganja juu ya bamba, akasema kwa sauti ndogo, "Kiganja." Moshi ulipanda wote. Alikaa pale mpaka vijiti vilipokwisha, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiangalia moto bila kupangusa macho.

Jumamosi ilikuwa siku ya uji. Sikuwasha. Nilishinda nikizunguka kijijini kuwaalika watu waje kesho yake baada ya misa waone jiko lisilo na moshi. Kwa mwenyekiti wa kijiji nilikaa saa nzima. Niliporudi jua lilikuwa limeshazama na nilikuwa nimechoka kwa kusifiwa.

Jumapili ua ulijaa. Wanaume walikaa kwenye vigoda chini ya ukuta wa nyumba, mwenyekiti katikati yao. Jikoni walikuwamo mama, shangazi yangu, ambaye ni dada wa marehemu baba, na majirani wawili wanawake, wanamenya karanga. Nikavua koti.

"Baba," mama akaniambia. Mama zetu huwaita hivyo watoto wao wa kiume, hasa wakitaka kuwaomba jambo. "Ulisema mioto mitatu. Huu ni wa pili. Tuchemshe uji tu, watu wanywe uji."

"Nimewaalika watu waje kunywa uji?"

"Uji ni chakula."

"Mayu, ile ni sheria ya wasiokijua chuma. Hiki nimekimimina mwenyewe."

Shangazi akaangalia jiko, akaniangalia mimi. "Jiko lenyewe lina milango mingi kuliko nyumba yangu. Unaingilia wapi, unatokea wapi?"

Wakacheka. Nami nikacheka, nikainama kuchukua kuni. Mgunga wa mama ulikuwa umepangwa vizuri, lakini mgunga hauna haraka. Hushika taratibu na kuungua kimyakimya. Nilitaka moto unaonguruma, mpaka wanaume uani wausikie. Na nyuma ya nyumba kulikuwa na lundo la miti ya pamba. Msimu ulikuwa umekwisha, na bwana shamba alikuwa amekwisha kupita akitangaza kwamba kila mtu ang'oe miti yake na kuichoma, wadudu wasibaki. Kila nyumba ilikuwa na lundo kama lile. Mimea ile ikikauka huwaka kama imenyunyiziwa mafuta ya taa. Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua hilo. Tumekua tukirukaruka kando ya mioto yake kila mwaka. Nikaingiza kumbatio zima. Nikafungua hewa yote.

Jiko lilinguruma. Uani wanaume wakanyamaza. Nikatoka, mikono kiunoni, nikawaonyesha bomba.

"Moshi uko wapi, mwanetu?" mwenyekiti akauliza, ingawa alikuwa anauona.

"Uko kule juu, mzee. Jikoni hakuna hata wa kumwasha sisimizi."

"Kwa hiyo Wazungu hawalii jikoni?"

"Hulilia mengine."

Wakaangua kicheko. Niliwahutubia kuhusu chuma, kuhusu kalibu, kuhusu baridi ya kule ambayo mate hayafiki chini yakiwa mate. Kisha nikarudi ndani kuongeza kumbatio la pili.

Nilikuwa nimepiga goti mbele ya kilango niliposikia *tak*. Sauti ndogo, kavu, kama fimbo inayovunjwa kwenye goti. Nikainua macho. Kutoka kwenye kona ya tundu la kushoto, mstari mwembamba kama unywele ulikuwa umeingia kwenye bamba la juu, na bamba lenyewe upande ule limeanza kuwa jekundu. Niliuona vizuri kabisa. Wanawake walikuwa wanaongea, karanga zinalia kwenye ungo, nikaamini hakuna aliyesikia ila mama.

"Kimelia kitu," akasema.

"Chuma kinajinyoosha, mayu. Ndivyo kinavyofanya."

Nilipaswa kutoa kuni. Nilipaswa kufunga hewa, kuufunika moto mchanga, kutoka nje na kuwaambia wale watu: nimeharakisha, njooni Jumanne. Ingenigharimu kicheko cha dakika tano. Badala yake nikamwambia mama, "Teleka maji ya ugali," nikatoka nje kuendelea na hotuba.

Sikufika hata katikati ya ua. Nikasikia *chwaaa* ya maji kwenye chuma, kisha mpasuko mkubwa, kisha sauti ya shangazi: "Paa! Paa!" Nilipoingia, bamba lilikuwa limegawanyika vipande viwili, ndimi za moto zinatoka katikati na kupanda kuelekea nyasi. Nilisimama. Mimi, mwenye stashahada, nilisimama mlangoni na mikono yangu miwili. Mama ndiye aliyeikumbatia ndoo ya mchanga na kuimwaga juu ya jiko, akainama akafunga hewa kama nilivyomfundisha, ndipo akarudi nyuma. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua kuanzia kidole gumba hadi kifundo.

Wanaume wakajazana mlangoni nyuma yangu. "Kuna nini? Kuna nini?"

Na mimi nikasema. Nayakumbuka maneno yangu yote, na sauti niliyoyasemea, sauti ya mtu mvumilivu anayeeleza watoto.

"Si kosa lake. Mama kamwaga maji ya baridi kwenye chuma cha moto. Chuma hakitaki hivyo."

Kisha mwenyekiti akapumua: "Ah, mama zetu! Mpe gari, atalifunga jembe."

Kicheko kikapita uani kutoka kigoda hadi kigoda. Mama alisimama na mchanga kwenye khanga, akiushika mkono wake ulioungua kwa mkono mwingine. Aliniangalia. Nilitegemea atakataa, na nilikuwa tayari nimeshapanga la kumjibu.

"Ni kweli," akasema. "Maji yaliniponyoka."

Watu walikula ugali uliopikwa kwa jirani. Jioni, nikiwa nafunga mizigo, nilimwona anatokea nyuma ya zizi ameinama, anaviringisha figa moja kwa mkono wa kushoto. Alirudi mara mbili zaidi. Sikuenda kumsaidia. Nilijiambia kwamba mwanaume hagusi mafiga, mimi niliyeyang'oa kwa jembe siku mbili kabla.

Jina likamganda. Walimwita Mama Maji, mpaka watoto wadogo waliozaliwa baadaye wakadhani ndilo jina lake. Akipita kisimani: "Mama Maji, usiyamwage!" Nami kule Geita niliisimulia hadithi ile karakana nzima, jinsi mama yangu alivyopasua jiko la chuma kwa kikombe cha maji, na niliisimulia vizuri, kwa sababu najua kusimulia. Kila mwaka mtu aliponiuliza kama nitamtengenezea bamba jingine, nilijibu, "Atalivunja tena." Nilipandishwa cheo mara mbili. Nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Bamba moja lilikuwa kazi ya jioni mbili, na ilipita miaka minane sijalimimina. Nilienda Didia kwa misiba tu, nikalala usiku mmoja mmoja, na jikoni sikuingia. Uongo wangu wa Jumapili moja ndio uliomweka mama kwenye moshi miaka hiyo yote.

Siku moja nikapokea barua. Shangazi aliitamka, mtoto wa shule akaiandika. Ilikuwa na habari za mvua na ng'ombe, na mwishoni: *Mama yako sasa chumvi anaitafuta kwa kupapasa.*

Nilimimina bamba wiki ile ile. Ulikuwa wakati wa uhaba, hata sabuni ilipatikana kwa kujuana, na mkaa wa kuyeyushia niliupata kwa kuwapigia magoti watu niliokuwa nikiwafokea. Bamba nikalifanya nene zaidi. Safari hii sikutembea mbele ya mkokoteni.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe kabisa. La kulia bado lilikuwa linaona mwanga na vivuli vya watu. Alinitambua kwa hatua zangu.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba. Umekuja na kitu kizito. Mkokoteni unalia."

Jiko la zamani lilikuwa pale pale kwenye kona, kuku anaatamia ndani yake. Ua la pamba kwenye kilango lilikuwa limeng'aa. Nilidhani kuku ndiye anayelisugua akiingia na kutoka. Baadaye nikagundua mama alikuwa analipangusa kwa kitambaa kila alipofagia. Mafiga yalikuwa katikati, meusi, mahali pake. Sikuyagusa. Nililisogeza jiko ukutani, nikabadilisha bamba, nikaziba maungio, nikapitisha bomba jipya. Nilipomaliza nikamwita.

"Sasa, mayu, moto wa kwanza—"

"Kiganja," akasema. "Toka hapo."

Aliwasha mwenyewe. Siku ya kwanza vijiti vitano. Siku ya pili uji, na tulikunywa uji. Nilikaa kwenye kigoda kama mgeni, nikimwangalia akilipapasa jiko kutoka kilango hadi kidirisha, akijifunza kila kitu kilipo. Hakuniuliza lolote ambalo nilikuwa sijamwambia miaka minane nyuma. Hakuwa amesahau hata neno.

Siku ya tatu, ya ugali, shangazi alikuja, na mmoja wa wale majirani wawili wa zamani. Yule mwingine alishafariki. Mimi ndiye niliyekuwa naingiza kuni, mama anasubiri maji yachemke. Shangazi alikuwa amezeeka lakini mdomo ulikuwa bado kijana.

"Mama Maji!" akaanza hata kabla hajakaa. "Kaa mbali na chuma cha watu. Leo ukimwaga tone, mwanao atakupeleka polisi."

Mama akacheka. Ni kicheko chake kilichonishinda. Nilikuwa nimeshika ukuni mkononi.

"Shangazi," nikasema, "haikuwa maji."

"Nini?"

"Siku ile. Bamba lilikuwa limeshapasuka kabla ya maji. Nililisikia, nikaliona, nikanyamaza. Nilitia miti ya pamba, nikaruka moto wa pili. Mama hana kosa. Nilidanganya."

Nilisema mfululizo, nikainamisha kichwa, nikisubiri. Nakiri kwamba hata wakati ule nilijiona nafanya jambo kubwa. Nilitegemea mshangao. Shangazi akatoa karanga kwenye pindo la khanga yake, akaitia mdomoni.

"Wewe ulidhani sisi ni viziwi?"

Sikumwelewa.

"Tulikuwa watatu humu na mama yako wa nne. *Tak!* Nani hakusikia? Nikageuka niseme, mama yako akanikazia jicho, wakati huo bado analo. Nikarudi kwenye karanga zangu."

"Mbona hamkusema?"

"Kwa nani? Wewe ulikuwa uani unawahubiria wanaume habari za mate. Jioni ile mama yako alitupitia nyumba kwa nyumba, mkono umefungwa majani. Akasema, hapa tuna msomi mmoja. Mkimcheka leo, harudi tena nyumbani. Nichekeni mimi." Akatema ganda la karanga. "Basi tukamcheka yeye. Kazi rahisi, ana sura ya kuchekwa."

"Wewe yako je?" mama akamjibu.

Jirani akasema taratibu bila kuniangalia, "Na bado hukurudi."

Niliangalia mkono wa kulia wa mama, kovu linalometa kutoka kidole gumba hadi kifundo, nikaangalia jicho lake jeupe. Siri niliyodhani nimeibeba peke yangu miaka minane, na kuibeba kishujaa, ilikuwa imebebwa na wanawake wanne wasiojua kusoma, ili mimi nisiaibike. Waliibeba bure.

"Mayu, nisa—"

"Maji yanachemka?" mama akaniuliza.

"Bado kidogo."

Alinyoosha kiganja juu ya bamba, akakishusha, akakirudisha haraka. Akakunja uso. Akageuza shavu upande wa jiko, kama mtu anayesikiliza.

"Mimi siwezi kuona rangi yake tena," akasema. "Joto limepanda haraka. Niangalizie. Limeanza kuwa jekundu?"

Niliangalia. Kwenye kona, juu ya kilango, palikuwa na wekundu mdogo, mwepesi, kama wa kucha. Wakati naungama nilikuwa nimeendelea kutia kuni bila kujua. Shangazi na jirani wote wawili walikuwa wananitazama.

"Limeanza, mayu," nikasema. "Kona ya kilango. Nimezidisha kuni mimi."

"Basi toa mbili," akasema, "na usifungue kilango kabla ya hewa."

Nikafungua hewa. Nikafungua kilango. Nikatoa mbili.